Kummi Uani Kwetu

Mama yangu alimfukuza mtu wa gesi. Maskini wa Mungu alikuwa keshaingiza mguu mmoja getini, mtungi begani, Mama akatokea mlangoni na mtandio umemkaa upande, akamwambia kwa Kiarabu kikali arudi baadaye, humu ndani mna mwanamke yuko edani. Mimi nilikuwa varandani najaribu kunywa kahawa yangu kwa amani. Nikamwambia, "Mama, eda yako imekwisha tangu wakati wa baridi."

"Sijisemi mie," akanijibu. "Nnamsema yule mgeni wa mulhaki."

Mulhaki ni kijumba kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Al Hail, huku Arabuni. Baba alikijenga ili kaka yangu akioa akae karibu. Kaka akaoa, mkewe akaona Hail ni mbali na ndugu zake, wakahamia mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na mulhaki tukaipangisha. Wapangaji wetu ni Watamili, watu wa kusini ya Bara Hindi. Mke ni muuguzi, mume anafanya kazi ya viyoyozi, na wana binti mdogo anayesema lugha nne na hanyamazi kwa hata moja. Baba alipofariki, muuguzi huyu ndiye aliyekuwa akija kumpima Mama presha, na akikuta imepanda hamgombezi, anakaa naye tu mpaka ishuke. Kwa hilo nitampenda maisha.

Mwaka huu mama yake muuguzi alikuja kutoka kijijini kwao kukaa nao miezi michache. Alikuwa bibi mwembamba, mgongo umenyooka, anavaa sari nyeupe isiyo na hata uzi wa rangi. Paji la uso tupu, mikono mitupu, nywele kazifunga kwa nyuma bila ua. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni siku ya kwanza tu, na akamsoma kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angemsoma: nguo nyeupe, hana pambo, hana manukato, macho chini. Kafiwa na mume, yuko edani. Kwetu mambo hayo hayahitaji mtu kuelezwa. Ni miezi minne na siku kumi, mjane hajipambi na hakai mbele ya wanaume wasio maharimu zake, na wanaomzunguka wana wajibu wa kumsitiri. Basi Mama akajipa kazi ya kumsitiri.

Aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya kutisha. Kaka yangu akija kututembelea lazima apige honi kabla ya kuingia. Dereva wa lori la maji aliambiwa ageuze uso aangalie ukuta. Akitokea mwanamume yeyote, Mama alikuwa akitoa mkono dirishani na kumpungia bibi wa watu aingie ndani upesi, na bibi, ambaye hakujua lugha yetu hata neno, alidhani anasalimiwa. Alikuwa akisimama, anaunganisha viganja vyake, anainamisha kichwa kwa adabu, kisha anaingia ndani kwa sababu ndivyo mkono ulivyoelekeza. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Lakini nitakuwa muongo nikisema nilicheka tu. Mama alimsitiri mwenzake na yeye mwenyewe hatoki. Eda yake ilikwisha kwa heshima zote: shangazi na mawifi walikuja, wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi, halua ikaliwa mpaka ikabaki. Siku ya pili yake akarudia nguo yake nyeupe. Uani hakutoka tena, sembuse nje ya geti. Pale uani kuna mti wa asumini ambao Baba aliupanda tulipohamia. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akichuma maua, anayaweka kwenye kisahani, anampelekea Mama bila neno. Alipofariki yeye, maua yalifungua na kuanguka, yakafungua na kuanguka, na hakuna aliyeyagusa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiyafagia, na kila nikiyafagia roho ikiniuma.

Mwezi wa Machi muuguzi akanijia na ombi. Wanawake wa kwao walikuwa wakijifunza ngoma kwa ajili ya mwaka mpya wao, unaoingia Aprili. Walikuwa wakikutana juu ya paa la jumba moja mtaa wa Wattaya, lililo juu ya maduka ya magari, lakini mwenye jumba kawakataza. Je, Ijumaa alasiri wangeweza kuutumia ua wetu? Alikuwa anaona aibu, anasokota pindo la sari yake. Anajua nyumba hii ina msiba, alisema, lakini hakuna ngoma ya kupigwa wala santuri. Ni makofi tu.

Nilikuwa na uhakika Mama atakataa. Nilikwishatayarisha maneno ya kumlainishia muuguzi. Mama akasema, "Nawaje. Nyumba hii imenyamaza mno."

Ngoma yenyewe inaitwa kummi. Yule binti mdogo alinieleza yote, na mengine nisiyoyauliza. Kijijini kwa bibi yake, aliniambia, siku ya sherehe kuna mtu anajitia ndani ya farasi wa nguo na karatasi, anacheza juu ya miguu ya mti. Kuna mwanamke anacheza na mtungi kichwani, na juu ya mtungi kuna kasuku wa bandia. Kuna wanaume wanaojipaka rangi ya manjano na mistari myeusi wakawa chui milia. Kummi haina vyote hivyo. Ni ya wanawake, na ukiwa na mikono miwili unayo. Kwao huchezwa kuzunguka taa au vyungu vya nafaka zilizochipua. Uani kwetu walizunguka ndoo yetu ya kufulia, iliyopinduliwa, na taa ndogo ya shaba juu yake.

Wanawake walikuja na sari za rangi ya embe, zambarau, kijani cha mchaichai, na asumini kwenye misuko. Walisimama duara. Mmoja anaanza ubeti, wengine wanapokea, na wote wanainama pamoja, kofi, wanainuka, kofi, wanasogea hatua, wanageuka. Kuna mahali katika wimbo kila mtu humgeukia jirani yake na viganja vyao vinakutana. Sauti ile ya makofi ilipiga ukuta ikarudi, na nyumba nzima, naapa, ilikuwa kama imevuta pumzi.

Aliyekuwa akianza beti si mwingine, ni bibi. Lakini hakuwa ndani ya duara. Alikaa kwenye kidaraja cha mlango wa mulhaki, kando kabisa, na sahani ya asumini mapajani. Alikuwa ameniomba ruhusa, kupitia binti yake, ayaokote maua yetu yaliyoanguka na ayachume yaliyo mtini. Vidole vyake vilifunga maua kwenye uzi bila sindano na bila yeye kutazama, huku anaimba. Aliwafungia wanawake wote. Kisha akakunja mikono yake, akatazama.

Mama alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na mimi nyuma ya Mama.

"Wanazunguka mno," akasema. Mama katika usichana wake Unguja aliwahi kucheza lelemama, na lelemama ni ngoma ya kusimama mstarini na kusema kwa mikono, mwili umetulia. "Sisi mtu akitikisika hivi angeambiwa hana adabu. Lakini wana mikono mizuri. Mtazame yule wa kijani." Kisha akashtuka. "Hebu! Yule bibi yuko edani na anaimba?"

Akanituma nikaulize, kwa adabu, yule mama mwenzake kafiwa lini.

Nilimwuliza muuguzi siku ile ile, wenziwe walipokwisha kuondoka. Tunaongea kwa Kiarabu chake cha hospitali na Kiingereza changu cha ofisini, tunaelewana. "Baba?" akasema, akashangaa. "Baba alifariki mimi nikiwa darasa la pili."

Akanieleza, tukiwa tumekaa ukingoni mwa kitalu cha maua. Kijijini kwao mjane havai ua, na haingii kwenye duara la jambo la heri. Siku hizi wengi hawajali tena, alisema, hata mamake hakuna anayemlazimisha. Anajilazimisha mwenyewe. Anaogopa kwamba mkosi uliomchukua mumewe utaruka umpate mtoto wake. Siku muuguzi alipoolewa, mama yake alipika chakula cha watu wote, akaitazama ndoa akiwa mlangoni mwa jikoni, na picha za harusi zote hayumo. Nyimbo za kummi alimfundisha bintiye zote, tangu mdogo, akiwa amekaa pembeni vivi hivi. "Sijawahi kucheza naye," akaniambia. "Hata siku moja. Viza yake inakwisha baada ya sherehe, na magoti yake unayaona. Nataka mara moja tu nisimame naye, nipige kofi, mkono wake uwe pale. Nimemwomba mpaka nimechoka."

Nilirudi ndani nikamkuta Mama anachagua mchele. Nikamweleza. Aliiweka chini sinia.

"Mtoto alikuwa darasa la pili," akasema, "na sasa mwenyewe ana mtoto. Basi nani aliyesahau kumtoa?"

"Mama, wao hawana eda. Mila zao nyingine."

"Nnajua nyingine. Nnauliza nani kasahau kumtoa. Mtu hajitoi edani mwenyewe. Wanakuja watu wanamtoa."

Nikaona linakuja. Nikamwambia wazi kabisa, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa kwa mzazi, kwamba haya si mambo yetu. Yule ni mtu mzima, ana imani yake na sababu zake, na hakuna linaloudhi kama watu wa dini nyingine kukuingilia msibani na hekima zao. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba nasema kama redio, na hakuna aliyetaja dini, na kama kumfukizia mtu udi ni dhambi basi nimwoneshe imeandikwa wapi. Akaichukua sinia yake. Kwa siku kadhaa tulisemeshana kwa habari za chumvi na sukari tu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya sherehe, wanawake walikuwa katikati ya wimbo, mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga uani tangu mwili wa Baba ulipopitishwa pale. Mkono mmoja kashika chetezo kinatoa moshi, mkono mwingine kisahani cha asumini alizochumiwa na yule binti mdogo, na kwapani doti ya kanga mpya. Makofi yalikatika. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kumkimbilia nimbusu.

Akaenda moja kwa moja mpaka kidarajani, akasimama mbele ya bibi. "Mwambie," akaniagiza bila kunitazama, "nimekuja kumtoa. Tumechelewa, atusamehe."

Nikamwambia muuguzi, muuguzi akamwambia mama yake. Maneno yalipita kwetu sisi wawili, na nafikiri kila mmoja aliyapunguza kidogo kwa woga. Bibi alisikiliza. Hakukasirika. Alimtazama Mama kuanzia miguuni, akapanda polepole, nguo nyeupe, mikono mitupu, nywele zilizofichwa, akafika usoni. Kisha akasema maneno marefu.

Muuguzi akaniangalia. "Anauliza, na mama yako yeye alitolewa?"

"Nimetolewa, alhamdulillahi," Mama akajibu upesi. "Watu tele."

"Anasema, sasa mbona yeye havai ua? Anasema siku zote anaokota maua ya mti huu chini. Mti umejaa na mwenyewe yuko nyuma ya pazia."

Niliogopa. Mama ana ulimi, na sijawahi kuona mtu akimwambia jambo la namna ile akasalimika. Lakini Mama aliweka chetezo chini, akashika goti lake, akakaa pale kidarajani ubavuni mwa bibi, mjane na mjane. Akatazama mti.

"Mwambie," akasema, "alikuwa akinichumia mzee."

Nilishindwa kulitafsiri. Muuguzi, ambaye alikwishakaa na Mama jioni nyingi, hakunisubiri, akalisema mwenyewe kwa Kitamili, maneno machache. Bibi akaitikia kwa kichwa. Uzi wake ulikuwa umejaa nusu. Akaumalizia palepale, akaukata kwa meno, akanyanyuka, akautelezesha mtandio wa Mama mabegani, na wanaume hamna, sote wanawake. Akaufunga uzi ule kwenye msuko mwembamba wa Mama, polepole, kama anamfungia mtoto siku ya Idi. Mama alifumba macho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na mimi pia nililia, sina haja ya kuficha.

Halafu Mama akafumbua macho, na akawa Mama yule yule. "Haya. Na weye."

Bibi akakubali udi. Alisogeza chetezo chini ya pindo la sari, moshi ukapanda. Akakubali kanga, akajitanda mabegani. Ua akalikataa. Aligusa nywele zake, akapunga mkono, basi. Mama alitaka kushikilia, nikamvuta nguo, na kwa mara moja katika maisha yake akanisikia. "Ua lako mwenyewe," akamwambia. "Lakini kucheza, twende."

Bibi akasita. Akasema kitu huku anamwonesha binti yake, na sikuhitaji mkalimani. Huyu. Huyu ndiye ninayemwogopea.

Mama alipoelezwa akamshika bibi mkono, akamvuta mpaka kwenye duara, akamsogeza muuguzi kwa kiwiko, akajisimamisha yeye kati yao. "Mwambie kama mkosi upo, mie nimesimama kati. Wangu keshakufa. Utanifanya nini?"

Wanawake waliokuwa wanajua Kiarabu waliambiwa, wakawaambia wengine, na kicheko kikazunguka duara zima kabla ya makofi. Bibi naye akacheka, mkono mdomoni. Akaanza ubeti.

Mama alicheza vibaya sana. Wa mwisho kuinama ni yeye, kofi lake linakuja wenziwe wamekwishanyanyuka, na mabega yake yalitaka lelemama, yalitaka mstari. Lakini alizunguka ndoo yetu ya kufulia, ua kichwani, akapiga viganja vya bibi kulia na vya muuguzi kushoto. Baada ya mizunguko kadhaa akashika kifua. "Pumzi," akanong'ona, akatoka kinyumenyume, akaja kuniegemea. Sikuona kama alikuwa amechoka hivyo.

Duara likaziba pengo lake. Ikafika ile sehemu ya wimbo, kila mtu akamgeukia jirani yake. Bibi akageuka, na aliyekuwa pale ni binti yake.

Viganja vikakutana. Muuguzi sauti ikamkatika, akabaki mdomo wazi, mikono yake juu ya mikono ya mama yake. Bibi hakukatika. Aliendelea kuimba, kwa nguvu zaidi, na alipoona bintiye kasimama akampiga kofi la pili la kumhimiza, kama mwalimu: endelea, wimbo haujaisha. Na mtoto wa watu akaendelea, akilia, mpaka maghribi ilipoadhiniwa na wote wakanyamaza.

Kwenye sherehe yenyewe, ukumbini, bibi alikaa nyuma, pembeni, kama kawaida yake. Nilidhani Mama atanuna. Mama alikwenda akakaa kiti cha pili yake, na usiku ule wote hawakusemeshana kwa lugha yoyote, walikula karanga tu.

Siku ya safari gari lilisimama mbele ya geti letu. Mama alitoka, akavuka geti, akafika mpaka barabarani kwenye dirisha la gari. Alikuwa na asumini kichwani, kazichuma mwenyewe. Akaniambia, "Mwambie eda yake imekwisha. Akiulizwa huko kwao katolewa na nani, aseme nimemtoa mie."

Nikamwambia muuguzi. Muuguzi akageuka kwa mama yake, akaanza, akashindwa, akaficha uso wake begani kwa bibi. Bibi akamtikisa, akatuangalia sote, anataka kujua kumesemwa nini. Ikabidi yule mtoto, amebanwa katikati ya masanduku, amwambie yeye, kwa sauti ya juu na bila kupunguza hata neno.

Bibi akatoa mikono yake miwili nje ya dirisha, viganja wazi. Mama akavipiga, na safari hii hakuchelewa.